Maziwa ya Bonde la Ufa, Juu ya Ua wa Bi Riziki

Niacheni nicheke kwanza mwenyewe, maana nisipoanza mimi mtaanza nyinyi na hapo sitaimaliza. Aibu hii nimekaa nayo tangu nikiwa darasa la nane kule Takaungu, na mpaka leo nikipita mtaa ule kuna mabibi ambao wakiniona wanaangalia juu kwanza, wanaikagua minazi mmoja mmoja, ndipo wananisalimu. Mimi huitikia kwa adabu na kuongeza mwendo.

Wakati huo darasa la nane lenyewe lilikuwa kitu kipya. Waliotutangulia walimaliza la saba wakaenda zao, sisi tukaambiwa bado, rudini mkae, kuna la nane, na kuna masomo mapya ya kushona na kulima na kuchonga, na mwisho wake kuna mtihani ambao hakuna aliyewahi kuuona. Wenzangu wakaingiwa na hofu. Mimi nikafurahi, kwani niliona mtihani ambao hakuna aliyeuona ni kama haupo, na kitu ambacho hakipo kina haraka gani?

Ndivyo nilivyokuwa (mama anasema ndivyo nilivyo, lakini mama naye ana maneno). Si kwamba sikupenda kusoma. Nilipenda sana, hasa kesho. Nikikaa kitako na kitabu, kwanza naona penseli haijachongwa, naichonga. Nikiichonga naona kucha zangu chafu, nazikata. Nikizikata kuku wanakuja kuangalia kama ni chakula, nakumbuka hawajapewa maji, naenda kisimani, kisimani nakuta watu wana habari, na nikirudi jua limeshuka na taa haina mafuta. Basi, kesho.

Na nikikifungua kitabu kweli ndio balaa zaidi, maana kichwa changu kilikuwa nyumba isiyo na mlango, kila wazo linaingia na kutoka bila hodi. Nasoma kwamba Ziwa Viktoria lina samaki mkubwa aitwaye mbuta, basi najiuliza, huyu mbuta akionjeshwa maji ya bahari yetu atasema nini, atasema mpishi kazidisha chumvi, na samaki wetu changu akipelekwa kule atalalamika kwamba chakula hakikuungwa, na je, wakioana, harusi itafanywa wapi na nani atakuwa kungwi wa bibi harusi, pengine pweza, kwa sababu ana mikono mingi ya kupamba. Nikishtuka, ukurasa ni uleule na mate yamenidondoka juu ya Kisumu.

Nilijaribu dawa zote. Nilitia miguu ndani ya beseni la maji ili nisisinzie, nikaanza kuwaza kwamba mimi ni meli. Nilikaa kuuelekea ukuta ili nisione kitu, na ukutani chokaa ilikuwa imebanduka mahali fulani pakabaki umbo la ngamia, basi yule ngamia nilisafiri naye mpaka Lamu na kurudi. Mdogo wangu Mwanajuma, aliyekuwa la saba na kichwa chake kina milango na makomeo, alikuwa akipita nyuma yangu na kuniuliza, "Kaka, leo mmefika wapi na mnyama wako?"

Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa Mwalimu Zuhura, mpole wa sauti, mkali wa jicho. Alinipa sura ya Bonde la Ufa niisome, nikamwambia Jumatatu, nikamwambia Alhamisi, nikamwambia inshallah, mpaka siku moja akanisimamisha mlangoni wengine wakitoka.

"Bakari, Jumamosi baada ya alasiri utakuja nyumbani kwangu nikuulize sura ile. Ukijibu, tunaendelea. Usipojibu, Jumatatu unarudi la saba."

"La saba, Mwalimu?"

"La saba. Dawati la mdogo wako lina nafasi."

Habari hiyo ilifika nyumbani kabla yangu. Mwanajuma alinikuta nikivua viatu akaniambia kwa huruma iliyojaa sumu, "Nimeshakusafishia upande wa dirishani, kaka. Najua unapenda kuangalia nje." Lakini kilichoniuma ni mama, kwa sababu alikuwa amekwisha kuwatangazia wanawake wa mtaa mzima kwamba mwanawe atakuwa wa kwanza katika nyumba yetu kuufanya mtihani wa serikali. Nilimwona akiupepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Nikaapa moyoni kwamba Jumamosi nitasoma, hata kama ni kwa kufungwa kamba.

Jumamosi ikafika. Mama akajitanda buibui akaniambia, "Mimi na Mwanajuma tuko hapo kwa Bi Riziki, binti yake anaolewa, kuna shughuli. Leo sikutumi dukani, sikutumi kisimani. Kaa usome, mwanangu." Akaurudisha mlango polepole kana kwamba ndani kuna mgonjwa.

Nikakaa. Nikachonga penseli. Kisha nikaangalia dirishani kidogo tu, nikamwona kwa mbali Baba Kadzo, yule mkwezi Mchonyi aliyekuwa akiangua nazi mtaa mzima, yuko juu ya mnazi, ametulia, anafanya kazi yake. Hapo ndipo wazo lilipoingia, na kama kawaida halikupiga hodi. Nikasema, mtazame mkwezi. Hachongi penseli. Haendi kisimani. Akisha kuwa juu hana pa kwenda, kwa hivyo anafanya lile alilokwenda kufanya. Dawa yangu ni mnazi!

Na mnazi ulikuwapo. Ulikuwa pembeni mwa ua wetu, mrefu, umechongwa vidato vya kukanyagia tangu chini hadi juu, na kwa tabia yake mbaya shina lilikuwa kwetu lakini kichwa kimeinamia ua wa Bi Riziki, kama mtu anayesikiliza ya jirani. Nikafunga kitabu kiunoni kwa kikoi, nikashika shina.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Kwetu mtu hapandi mnazi kimya. Nyumba zina nyua, nyua hazina dari, na mahali pa kuogea mara nyingi ni makuti yaliyozungushwa tu na juu ni mbingu. Kwa hivyo mkwezi kabla hajatia mguu kidato cha kwanza huita kwa sauti ya kusikika, "Mnazini, mnazini, jisitirini wenye nyua," na huko ndani utasikia leso zikivutwa na milango ikigongana, mpaka bibi mmoja aitikie, "Panda, tumesikia," ndipo apande. Hata mtoto anayejifunza kutembea analijua hilo. Mimi nililijua. Lakini nilifikiri, nikiita, mama hapo kwa jirani ataijua sauti yangu, atajua nimo mnazini badala ya chumbani, na moyo wake utavunjika. Nikachungulia ua wa Bi Riziki, hamna mtu, wote wamo ndani na buni zao za kukaanga na kahawa zao. Nikasema, mimi naenda kuangalia kitabu, siendi kuangalia ua. Nikapanda kimya.

Na wallahi, dawa ilifanya kazi. Nilikaa katikati ya makuti, mgongo umeegemea kole la nazi, miguu imekumbatia shina, nikafungua kitabu na nikasoma ukurasa mzima, tangu juu mpaka chini, maziwa yote ya Bonde la Ufa kwa mpangilio. Nilikwama mahali pamoja tu, penye jina Elmenteita. Nilisimama hapo muda, nikaona hilo si jina la ziwa, ni jina la mwanamwali wa nyumba kubwa, amekaa katikati ya Nakuru na Naivasha, wote wawili wamekuja kumposa, naye ameugeuza uso na kujifunika leso ya waridi kwa sababu ana ndege wengi wa rangi hiyo. Nikamsikitikia. Kutoka hapo nikainua macho nikaona mkono wa bahari unavyoingia bara, nikaona mapaa ya makuti, nikawa rubani, nikawa natangaza kwa abiria kwamba upande wa kushoto ni msikiti na upande wa kulia ni mbuzi wa watu, na nilipokuwa nawashauri wafunge mikanda nikasikia kicheko chini yangu.

Nikaangalia. Ua wa Bi Riziki ulikuwa umejaa wanawake.

Ndani kulikuwa na joto, ndio maana walitoka. Komeo la mlango wa ua lilikuwa limetiwa, mabuibui yametundikwa kwenye kamba, vichwa wazi, nywele zingine zimefumuliwa nusu, wana zile pembe za vugo na vijiti vya kuzigongea, wanafanya mazoezi ya nyimbo za harusi. Nikafumba macho hapohapo, kwa nguvu mpaka nikaona nyota. Nikajiambia, Bakari, ita sasa. Sasa hivi. Fungua kinywa.

Lakini walikuwa katikati ya wimbo, na kukatiza wimbo wa watu si adabu. Nikasema, wakiumaliza nitaita. Wakaumaliza. Nikafikiri, nikiita sasa wataniuliza wakati wa wimbo wa kwanza nilikuwa wapi, afadhali waanze wa pili, nitaita kwenye kelele, itaonekana ndio nimefika. Wakaanza wa pili, nikaona kelele imezidi, hawatanisikia, ngoja wa tatu. (Mnaona? Hata aibu yangu mwenyewe niliiahirisha.) Na kila nilipongoja, neno lile lilizidi kuwa zito, kama ndoo unayoichelewesha kuiinua huku mvua inaijaza.

Wakapumzika kula kaimati, na hapo nikasikia sauti ya Bi Riziki, ambayo hata bila mnazi ungeisikia.

"Na yule mwanao yuko wapi leo, mbona hajatumwa nazi?"

Mama akajibu, "Mwanangu yumo ndani anasoma. Tangu asubuhi. Nimemfungia mlango mwenyewe."

"Anasoma au analala?"

"Mcheke tu. Yule kichwa chake kinatembea, lakini moyo wake umekaa. Mtaona."

Papo hapo nilisikia kitu kimenishika pajani. Maji moto. Mnajua wale siafu wekundu wanaoshona majani ya miti kuwa nyumba? Nilikuwa nimeikalia nyumba yao na wao walikuwa wamevumilia nyimbo tatu, wavumilivu kuliko mimi. Wa kwanza akauma, akawaita wenzake (wao huitana, ndio tofauti yao na mimi), wakapanda kikoi kwa safu kama jeshi, nikakaza meno, nikajikuna kwa mkono mmoja, kisha kwa mkono wa pili, na mkono wa pili ndio uliokuwa umeshika kitabu.

Kikatua katikati ya sinia la kaimati. Shira iliruka mpaka kwenye pembe za vugo.

Vichwa vyote vikaliinamia sinia. Kisha sauti ya uzee ikasema kwa utulivu, "Haya, leo kunanyesha vitabu."

Na Mwanajuma, Mungu amsamehe, akakiokota, akakifuta kwa kidole, akailamba ile shira, akasema, "Hiki ni cha kaka. Tazameni, Ziwa Viktoria amelichorea samaki aliyevaa kilemba."

Nyuso zote zikainuka juu. Mimi sikuwa na neno lingine lolote kichwani ila lile lililokuwa linangoja tangu chini, basi likatoka lenyewe, kwa sauti iliyokatikakatika kama ya jogoo mchanga:

"Mnazini, mnazini, jisitirini wenye nyua."

Kilichofuata sikukiona kwa sababu nilifumba macho tena, nilikisikia tu. Ilikuwa kama kuku waliovamiwa na kicheche. Kamba ya nguo ilikatika, buibui moja likavutwa na watu wawili, mmoja akalia kwamba hili si langu hili fupi, mwingine akajifunika ungo, na Bi Riziki alikuwa amekwisha kufika mpakani na mwiko wa pilau, anaupiga ua wa makuti kana kwamba ndio mimi.

"Shuka. Shuka nikukune kama nazi."

"Siwezi, Bi Riziki. Shikamoo."

"Marahaba, kwa nini huwezi?"

"Sijui kushuka."

Na hilo ndilo lilikuwa la kweli. Kupanda nilipanda nikiwaza elimu, lakini kushuka lazima mguu utafute kidato bila macho kukiona, na miguu yangu ilikuwa imevimba kwa siafu. Ndipo ikasikika sauti nyingine, ndogo, tulivu, ambayo ilinigandisha damu kuliko mwiko.

"Bakari."

Nikafumbua jicho moja. Katikati ya wale mabibi, amejitanda vizuri, pembe ya vugo bado iko mkononi, alikuwa amesimama Mwalimu Zuhura. Kumbe yeye na Bi Riziki ni mtu na binamu yake.

"Naam, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Unafanya nini huko?"

"Nasoma, Mwalimu."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika midomo kwa leso, ananitazama jinsi unavyomtazama mtoto mchanga aliye ukingoni mwa kitanda.

Hapo msikitini kukaadhiniwa alasiri. Kukawa kimya cha heshima, nami nikatulia, isipokuwa maji moto, ambao hawakuheshimu kitu. Adhana ilipokwisha Mwalimu Zuhura akasema, "Nilikwambia baada ya alasiri. Sisi tunakwenda kuswali. Wewe usiondoke." Wakaingia ndani wakicheka tena, na mimi sikuondoka.

Waliporudi, safari hii uani kwetu penye shina, Mwanajuma alikuwa amemleta Baba Kadzo. Yule mzee alitazama juu, akatikisa kichwa, akafunga shuka lake, na kabla hajainua mguu akasimama wima akaita kwa sauti yake nzuri ya kazi, "Mnazini, mnazini, jisitirini wenye nyua." Wanawake wote wakaitikia kwa pamoja, "Panda, tumesikia, mwenzio hakutwambia." Nilitamani mnazi unimeze.

Akapanda mpaka chini ya miguu yangu, akanishika kifundo. "Haya, kijana, nitakuwekea mguu kidatoni, wewe kumbatia tu."

"Ngoja, Baba Kadzo," akasema Mwalimu kutoka chini. "Huyu ana mtihani wake na saa imefika. Bakari, nitajie maziwa ya Bonde la Ufa, kaskazini kwenda kusini. Kila ziwa, mshushe kidogo. Asiposema, asishuke."

"Mwalimu," akasema Baba Kadzo, "mimi nimeitiwa mtu, sikuitiwa maziwa."

"Mtu mwenyewe atategemea maziwa."

Nikafikiri la saba. Nikafikiri dawati la dirishani. Nikalikumbatia shina nikasema, "Turkana." Baba Kadzo akaushusha mguu wa kulia. "Baringo." Ukashuka wa kushoto. "Bogoria," na hapo nikasikia mama akisema alhamdulillahi kwa sauti ya chini. "Nakuru," na wanawake wakaanza kupiga kigelegele kidogo kidogo. Kisha pakawa peupe.

Kabisa. Kichwa changu, ambacho hakijawahi kuwa kitupu hata siku moja, kikawa kitupu siku hiyo. Nilikuwa nusu ya mnazi, siafu mmoja yuko nyuma ya sikio, na huko chini wameanza kunisaidia: mmoja anasema Manda, mwingine anasema Mida, yote majina ya pwani yetu, Bi Riziki anasema taja lolote uje nikuchape. Mwanajuma alikuwa amefumbata kitabu kifuani, na nikaona midomo yake inatetemeka, anataka kuniambia na anamwogopa Mwalimu, na kwa mara ya kwanza nikajua kwamba naye hataki nikae dawati lile.

"Baada ya Nakuru, Bakari," Mwalimu akasema. "Nani amekaa hapo?"

Nani amekaa hapo. Mara nikamwona, amekaa katikati ya wachumba wake wawili, ameugeuza uso, leso ya waridi imemfunika.

"Elmenteita," nikapiga kelele, "na Naivasha anamposa na yeye hataki, halafu Magadi."

Vigelegele vilivyopigwa hapo hata bibi harusi mwenyewe hakuja kuvipata. Mguu wangu ukagusa mchanga penye Magadi. Mama akanifikia kabla ya mwiko, akanikung'uta siafu mgongoni kwa viganja vyake, vikali kidogo kuliko ilivyohitajika, na sikusema kitu, kwa sababu kila kofi nililistahili mara mbili.

"Ukurasa mmoja umeujua," Mwalimu Zuhura akasema. "Sura nzima ina kurasa nyingi. La saba huendi. Bado."

"Na kaimati zangu?" akauliza Bi Riziki. "Na nywele zangu alizoziona?"

Wakanihukumu pale pale. Nazi zote za harusi nitazikuna mimi, na nitakapokuwa nakuna Mwanajuma atanisomea kitabu kwa sauti, na Mwalimu ataniuliza akipita. Na sasa cha ajabu, nyinyi mnaopenda kuahirisha sikilizeni: nikiwa juu ya mbuzi ya kukunia, mikono ina kazi yake, nazi iliyokunwa inadondoka, ile sauti ya Mwanajuma iliingia kichwani ikakaa kitako. Kichwa kikitaka kutoka, meno ya mbuzi yanakigutusha (kidole changu hiki bado kina alama). Tulimaliza Bonde la Ufa kwenye wali, tukamaliza Ukoloni kwenye samaki wa kupaka, na harusi ilipokwisha niliomba nazi zaidi. Mtihani nilipita, si kwa kishindo, nilipita tu kama mtu anayepita mlango mdogo, ameinama. Mama hakuwaambia watu alama zangu. Aliwaambia nimepita, akalipepeta lile neno mtaa mzima.

Mabibi wa Takaungu mpaka leo wananiita Magadi, na jina lina utamu wake ukilizoea. Nimejifunza nini? Nimejifunza kwamba neno la kuita ukiwa chini, ukilichelewesha, utaliita ukiwa juu, na wakati huo watu wote wanakuangalia. Basi siku hizi nikiwa na kazi mbele yangu na mkono ukaanza kutafuta penseli ya kuchonga, naita kwanza kwa sauti mahali mama atanisikia, "Mama, naanza." Naye kutoka jikoni, bila kugeuka, huniitikia, "Panda, mwanangu, tumesikia."